UZI: Nani anashika kalamu langoni? Historia ya kutafuta kazi Nakuru, kutoka kipande hadi CV

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia huku kwetu, kuna sentensi tatu ambazo lazima zirudi. "Tutaleta kazi elfu kadhaa." "Kazi zetu zimechukuliwa na watu wa kuja." "Vijana wa siku hizi wanachagua kazi." Utazisikia kwa redio, kwa mazishi, kwa stage ya matatu pale Elburgon, na hapa mtandaoni mnazipigania hadi saa nane usiku. Leo tuzipitishe kwenye historia moja moja, tuone ni ipi inasimama.

2/ Masharti ni yale ya siku zote: hakuna kutaja mwanasiasa, hakuna kutaja chama. Mimi nasomea sayansi ya siasa, nimelelewa Elburgon, na karibu rika langu lote limeshuka Nakuru na bahasha ya kaki mkononi. Hoja yangu ni moja. Katika mji huu, swali la kazi halijawahi kuwa "ziko ngapi?" peke yake. Kila enzi limekuja na swali la pili: nani anasimama langoni na kalamu, anatumia kigezo gani, na ukishaingia unaingia kama nani?

3/ Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 1969 ilihesabu watu karibu 47,000 Nakuru mjini. 1979 wakawa karibu 93,000. 2009 ni kama 308,000. 2019 ni zaidi ya 570,000. Ndiyo, sehemu ya ongezeko hilo ni mipaka kupanuka. Lakini hata ukitoa hiyo, huu ni mji ambao umekuwa ukijaa kila muongo tangu uhuru. Tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

4/ Sasa turudi nyuma. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na mwisho wa 1901 ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Treni za enzi hiyo zilichoma kuni, na zikipandisha Mau zilichoma nyingi. Msitu ulikuwa hapo hapo kando ya reli. Elburgon ikakua katikati ya reli na msumeno, Nakuru ikakua kama stesheni na soko la walowezi. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa mji, mwaka 1929 ikawa manispaa.

5/ Lakini nani angefanya kazi? Wamaasai walikuwa wameondolewa eneo hili kwa mkataba wa 1904 wakapelekwa Laikipia, kisha 1911 wakahamishwa tena kuelekea kusini. Waogiek walikuwa wanasukumwa ndani ya msitu wao wenyewe. Walowezi wakabaki na mashamba makubwa na mikono michache. Serikali ikatumia dawa mbili: kodi ya nyumba na ya kichwa, ambayo ilidaiwa kwa pesa, na machifu waliotakiwa kutoa vijana. Kama unadaiwa pesa na kwenu hakuna pa kuipata, utaifuata ilipo. Hivyo ndivyo wengi wa babu zetu "walivyoamua" kutafuta kazi.

6/ Hapa nataka msimame kidogo kwenye neno tunalolitumia kila siku: kibarua. Ni barua ndogo. Asili yake ni pwani. Zanzibar ya karne ya 19, watu waliokodishwa kwa kazi ya kutwa, wengi wao watumwa ambao sehemu ya ujira wao ilienda kwa bwana, walipewa cheti kidogo cha siku. Ukimaliza kazi, unarudisha cheti, unalipwa. Kwa hiyo tangu mwanzo jina la mfanyakazi lilikuwa jina la karatasi. Bila karatasi hujafanya kazi, hata kama mgongo unauma.

7/ Bara, karatasi ikawa chuma. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikivaa shingoni. Mwajiri aliandika humo ulianza lini, unalipwa ngapi, umeacha lini.

8/ Nguvu ya kipande ilikuwa kwenye saini. Mwajiri asipoweka saini kwamba umemaliza kazi kwake, mwajiri mwingine hangeweza kukuandika kihalali. Ukiondoka bila ruhusa wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Na kwa sababu mshahara wa zamani umeandikwa, bosi mpya anausoma na kukupa huo huo. Fikiria leo kila unapoenda kwa mahojiano, bosi wako wa zamani amekaa kando ya meza na kalamu. Ndiyo hiyo.

9/ Mwaka 1921 walowezi walitaka mishahara ya Waafrika ipunguzwe kwa thuluthi moja. Kipande, kodi na huo mshahara ndivyo vilivyowaleta watu barabarani Nairobi, na Machi 1922 polisi wakafyatulia umati risasi. Kwa hiyo mtu akikwambia malalamiko ya kazi ni mambo ya kizazi cha simu, mpeleke hapo. Siasa za umati nchini zina mizizi yake kwenye karatasi ya kazi. Na mpaka leo Mkenya akiulizwa kitambulisho na polisi, anasema "nimeacha kipande kwa nyumba". Chuma kilitoka shingoni, jina likabaki mdomoni.

10/ Mji nao ulikuwa na lango lake. Mwafrika asiye na kazi mjini hakuhesabiwa kama mtafutaji. Alihesabiwa kama mzururaji, na angeweza kukamatwa na kurudishwa alikotoka. Nyumba za Waafrika katika mitaa kama Bondeni zilikuwa za mtu aliye na kazi. Kazi ikiisha, kitanda nacho kimeisha. Sheria ya uzururaji haikufutwa hadi 1997. Soma tena huo mwaka. Miaka zaidi ya 30 baada ya uhuru, kukosa kazi huku umesimama mahali pabaya ilikuwa bado sababu ya kukamatwa.

11/ Na akina mama? Kipande kilikuwa cha wanaume, kwa hiyo kwa macho ya serikali mwanamke hakuwa mtafuta kazi hata kidogo. Lakini pareto ya Molo na Elburgon iliyouzwa ng'ambo ilichumwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake na watoto, na mjini wanawake waliuza chakula, kuni na pombe ili nyumba ziende. Walifanya kazi ambayo haikuwa na karatasi. Hili likumbukeni tukifika kwenye jua kali.

12/ SENTENSI YA KWANZA: "Kazi zetu zimechukuliwa na watu wa kuja."
Ili kuielewa lazima uelewe uskwota. Sheria ya 1918 ilisema Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mlowezi lazima amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Kwa hizo siku unapata mshahara mdogo, pahali pa kulima na pahali pa kulisha mbuzi. Msituni ilikuwa hivyo hivyo: Idara ya Misitu ilikupa kipande cha ardhi ulime, huku ukipanda na kupalilia miche ya serikali. Ndio mfumo wa shamba, na vijiji vingi vya msituni karibu na Elburgon vilianzia hapo.

13/ Uzuri wake: familia ilikula. Ubaya wake: kazi, nyumba na shamba vilikuwa kitu kimoja, na vyote viko kwenye kalamu ya mtu mmoja. Ukifutwa kazi, umefutwa nyumba, umefutwa shamba, na mifugo yako haina pa kwenda. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi nguvu zaidi ya kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota na kuongeza siku za kazi. Waliofukuzwa wakapelekwa maeneo kama Olenguruone, na huko nako mwisho wa miaka ya 1940 wakatolewa kwa nguvu.

14/ Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, takriban maskwota 100,000 wa Kigikuyu waliondolewa Bonde la Ufa ndani ya miezi michache na kurudishwa "kwao", ingawa wengi walikuwa wamezaliwa huku. Waajiri wakaandika watu wa jamii nyingine kujaza pengo. Ona kilichotokea: kigezo cha langoni kikawa kabila, na kila jamii ikajifunza kwamba mwenzako akifukuzwa wewe unapata, na akirudi wewe unapoteza. Hilo somo lilifundishwa na serikali ya kikoloni, na tumelifanyia marudio 1992, 1997 na 2008. Watu wa Molo, Elburgon, Kuresoi na Njoro hatuhitaji kueleza zaidi.

15/ Kwa hiyo nani ni "mtu wa kuja" Nakuru? Kama ni suala la aliyetangulia, Wamaasai na Waogiek ndio wangeanza kuzungumza, na sisi wengine wote tungekaa chini. Waogiek walienda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, wakashinda kesi ya msitu wa Mau mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Waliobaki karibu sote, mababu zetu walikuja huku kwa sababu moja: kazi. Mji huu uliundwa na watafuta kazi. Kumwita mwingine mgeni hapa ni abiria kumlaumu abiria mwenzake kwamba amepanda gari.

16/ Lakini msinielewe vibaya. Hasira ya mtu anayeona orodha ya walioajiriwa ina majina ya upande mmoja, hiyo si chuki. Ni swali halali na lina jibu la kisheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi wazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka jamii iliyo kubwa kaunti hiyo. Mtu akipiga kelele za "wageni" na hajawahi kuuliza hizi namba, huyo anatafuta kura, hakutafutii kazi.

17/ SENTENSI YA PILI: "Tutaleta kazi elfu kadhaa."
Hii si mpya. Mwaka 1964, muda mfupi tu baada ya uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliketi wakatia saini makubaliano ya pande tatu. Serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, waajiri binafsi kwa asilimia 10. Vyama vya wafanyakazi navyo vikubali kutogoma na kutodai nyongeza kwa mwaka mmoja. Kwenye karatasi ni kitu safi kabisa.

18/ Watu wakaitwa wajiandikishe kama hawana kazi. Wakajitokeza zaidi ya 200,000. Nafasi hazikukaribia hapo. Wapo waliokuwa kwenye shamba la baba yao wakilima vizuri tu, wakasikia tangazo, wakafunga safari. Waajiri wakaongeza watu kidogo, halafu kila mmoja alipostaafu au kuacha, nafasi yake ikaachwa wazi, hadi namba zikarudi karibu zilipokuwa. 1970 makubaliano yakafanywa tena. 1979 tena. Mara tatu dawa ile ile.

19/ Kuna wanauchumi wawili, John Harris na Michael Todaro, waliokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi wakati huo, na mwaka 1970 wakatoa makala ambayo mpaka leo inafundishwa dunia nzima. Wazo lao kwa lugha ya stage: mtu akiamua kuhamia mjini halinganishi mshahara wa shamba na mshahara wa mjini tu. Anauliza pia, "na nafasi yangu ya kuipata hiyo kazi ni ngapi kwa kumi?"

20/ Tufanye hesabu. Namba hizi ni za kuelezea tu, nimezitunga. Shambani unapata 8,000 kwa mwezi. Mjini kazi inalipa 20,000, lakini kati ya watafutaji 10 wanaopata ni 4. 20,000 mara 4 gawanya kwa 10 ni 8,000. Ngoma droo, wengi wanabaki nyumbani. Sema mji una kazi 400: basi watafutaji ni 1,000 na waliokosa ni 600. Sasa mtu aje na kazi 100 mpya kwa mbwembwe. Kwa siku chache nafasi ni 5 kwa 10, mjini pamekuwa na thamani ya 10,000. Matatu za kutoka Elburgon zinajaa kabla jua halijachomoza.

21/ Watu watashuka mpaka nafasi irudi 4 kwa 10. Kazi 500, watafutaji 1,250, waliokosa 750. Kazi zimeongezeka na waliokosa wameongezeka pia, wote pamoja. Mwenye ahadi hakudanganya, alileta zile 100. Lakini aliyekosa naye hadanganyi akisema hali imekuwa mbaya. Mkikutana kwenye majibu hapa mnatukanana, kumbe kila mmoja ameshika upande wake wa shilingi.

22/ Funzo lake si kwamba mji usipewe kazi. Ni kwamba kazi ya Nakuru inaamuliwa pia Elburgon. Kwetu mambo yalikuwa mbao na mashamba. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90. Siku 90 zikasongezwa, zikasongezwa tena, ikafika zaidi ya miaka mitano. Julai 2023 ikatangazwa kwamba marufuku imeondolewa, na suala likaishia mahakamani. Mimi natetea msitu, Mau ni maji ya nusu ya nchi. Lakini mwenye mashine ya mbao, dereva wa lori, mpakiaji, mama wa chai nje ya kiwanda, hao wote hakuna aliyewaandalia lango lingine. Walienda wapi? Rhonda, Kaptembwo, Free Area.

23/ Pareto vilevile. Kulikuwa na wakati Kenya iliongoza dunia kwa pareto, na bodi yake ilikuwa Nakuru hapo. Wakulima wakakaa muda mrefu bila malipo, wakang'oa, wakapanda viazi. Mjini nako, kiwanda cha betri cha Eveready kilichofunguliwa miaka ya 1960 kilifunga uzalishaji mwaka 2014. Kwa hiyo mji wetu unakua kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Wengine wanavutwa na taa zake, wengine wanasukumwa na giza la walikotoka. Mwanasiasa hupenda kusimulia wa kwanza. Wa pili ndio wengi niliosoma nao.

24/ SENTENSI YA TATU: "Vijana wanachagua kazi."
Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Wataalamu walikuja wakitarajia kukuta tatizo la watu wakaao bure. Wakakuta watu wanafanya kazi kutwa: wanachomelea, wanashona, wanauza, wanatengeneza sanduku kwa mabati chakavu. Tatizo lilikuwa kwamba wanafanya kazi ngumu na kipato hakitoshi, na serikali badala ya kuwasaidia inawabomolea. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya dunia izoee kuzungumzia sekta isiyo rasmi. Sisi tuliipa jina bora zaidi: jua kali.

25/ Ilichukua miaka 20 kutoka ripoti hiyo hadi serikali kuwa na waraka rasmi wa sera ya jua kali, mwaka 1992. Leo takwimu za serikali zenyewe zinasema zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ni ya sekta hii. Kwa hiyo anayesema vijana wanachagua kazi aangalie nje ya dirisha la gari. Huyo wa boda ana diploma. Huyo wa mtumba alisomea ualimu. Yule wa mjengo anangoja barua mwaka wa tatu. Wameshachagua: wamechagua kula. Wanachokataa ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo ndoto yao, halafu kanjo anakuja saa nne kumwaga nyanya.

26/ Na wale wanaosimama kwenye malango ya viwanda na maeneo ya ujenzi saa kumi na mbili asubuhi? Lango halijabadilika sana. Nyapara anatoka, anatazama, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, na wewe mwenye sweta. Ukimjua unaitwa. Ukimtoa kitu kidogo unaitwa. Wengine mrudi kesho. Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Cheti kidogo cha Zanzibar kile kile, ila sasa hata cheti hakuna.

27/ Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho natamani kingebandikwa kila lango: cha 37. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Ndiyo maana kuna sehemu watu wanaambiwa "pumzika wiki moja halafu urudi". Ile wiki si ya kupumzika. Ni ya kukata hesabu.

28/ Kwa kazi za ofisini lango limevaa suti tu. Tangazo linatoka, makataa ni siku tatu, linataka uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuanzia. Cheti cha maadili cha polisi peke yake kinakula zaidi ya shilingi 1,000 kabla hujajua kama utaitwa. Unatuma, kimya. Baadaye unasikia aliyepata alijulikana kabla ya tangazo. Babu alihitaji saini ya bosi wa zamani. Wewe unahitaji simu ya mtu wa ndani. Katika zote mbili, unachojua kufanya kinakuja nyuma ya nani anakujua.

29/ Watu hutetea mjuano, na nawaelewa. Mjuano ndio uliowapokea mababu mjini: mtu wa kijiji chenu alikulaza kwa chumba chake, akakuonyesha lango, akakusemea kwa nyapara. Bila huo wengi wangelala nje. Lakini kuna tofauti ya mtu kukusemea kwenye kiwanda cha mtu binafsi na mtu kukupitisha kwenye ofisi inayolipwa na kodi ya mama mboga ambaye mtoto wake pia ametuma maombi. Katiba, Ibara ya 232, inataka ushindani wa haki na uwezo viwe msingi wa kuajiri katika utumishi wa umma. Hapo mjuano unageuka kuwa wizi wa foleni.

30/ Sasa tufanye nini na historia yote hii? Mtu akisimama mbele yenu na kusema "nitaleta kazi", msimzomee na msimshangilie. Mwulizeni haya:
a) Hizo kazi zinapitia lango gani? Nani anaandika orodha, na orodha itabandikwa wapi?
b) Ni za mwezi au za kutwa? Kifungu cha 37 kitaheshimiwa?
c) Wale wa Elburgon, Molo na Kuresoi mnawaandalia nini huko huko, ili wasilazimike wote kushuka?
d) Jua kali iliyopo tayari inapata nini: banda, stima, choo, au mbio na kanjo?
e) Waliokwisha kuajiriwa na kaunti ni wangapi, wa jamii gani, wa wadi gani?

31/ Na hilo la mwisho huhitaji kumngoja mwanasiasa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi lako. Andika barua kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, uliza nafasi zilizotangazwa, walioitwa, walioandikwa. Nakala moja, karani aigonge muhuri wa kupokelewa, ubaki na yako. Miaka zaidi ya mia moja karatasi imetumika kutukagua sisi. Hakuna ubaya nasi tukianza kukagua kwa karatasi.

32/ Nimemaliza. Kwenye majibu sitaki majina ya wanasiasa, nataka kitu kimoja: kazi ya kwanza ya babu, nyanya, baba au mama yako huku Bonde la Ufa, na nani alimwingiza. Chifu? Nyapara? Binamu? Tangazo? Bila majina ya watu, tafadhali. Nitazipanga kwa miongo nizirudishe hapa, tuone lango limesogea kiasi gani. Uzi unaofuata ni wa kodi za soko: nani hulipa, na zinaenda wapi.